Shajara ya mradi: stoo ya jamboni mbichi katika nyumba yenye umeme wa kubahatisha, Lubumbashi

Mei. Lengo na mipaka

Kazi ni kuandaa mahali pa kutunzia jamboni mbichi nyumbani, kwa vifaa vinavyopatikana hapa mjini, pahimili hata umeme ukikatika usiku kucha. Frigo ipo, kongelateri (friza) ya sanduku inayofunguka kwa juu ipo. Kinachokosekana ni uhakika wa umeme. Maelekezo mengi ya jikoni yanahesabu siku: tatu, tano, saba. Siku hizo zilihesabiwa kwa frigo isiyozimika. Kwa hiyo shajara hii inafuata digrii na saa kwanza, siku baadaye.

Jamboni mbichi hapa ni vitu vitatu. Kuna paja la nguruwe lenyewe, halijaguswa na chumvi, kama linavyotoka bucheri. Kuna jamboni iliyodungwa au kulowekwa maji ya chumvi lakini haijapikwa. Ya namna hii huletwa kutoka Afrika Kusini kwa njia ya Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, hasa Noeli ikikaribia, na kwao huitwa gammon. Halafu kuna jamboni kavu ya kuliwa bila kupikwa, kama ya Parma, Serrano au Bayonne. Ile ya vipande laini vya kuweka kwenye mkate imekwisha kupikwa, haimo katika mradi huu.

Hiyo ya pili, yenye chumvi isiyopikwa, ndiyo inayoponza watu. Nitriti, kemikali ya kuhifadhi nyama, huipa rangi ya waridi ambayo haitoki hata jikoni, hivyo macho peke yake hayawezi kuamua kama imepikwa. Soma karatasi yake: "à cuire" au "uncooked" maana yake ni mbichi. Karatasi ikiwa imelowa au haipo, ihesabu kuwa mbichi. Tarehe nazo ni za aina mbili: "à consommer jusqu'au" ni mwisho wa usalama, usiupite, "à consommer de préférence avant" ni mwisho wa ubora tu.

Muda wa kuanzia, kwa frigo ya 4°C kushuka chini: paja lisilo na chumvi siku 3 hadi 5, yenye chumvi isiyopikwa siku 5 hadi 7, au hadi tarehe ya karatasi ikiwa haijafunguliwa, kavu iliyokatwa miezi 2 hadi 3. Kwenye kongelateri ya −18°C: paja lisilo na chumvi miezi 6, yenye chumvi miezi 3 hadi 4, kavu mwezi 1. Ndiyo, yenye chumvi hukaa muda mfupi zaidi kwenye barafu. Chumvi huharakisha mafuta kuchacha, na huzuia sehemu ya maji ya nyama isigande hata kwenye −18°C. Muda huo wa kongelateri ni wa ladha. Vijidudu vyenyewe haviongezeki kwenye −18°C, ingawa vingi havifi.

Juni. Frigo

Kipimajoto kinachoning'inia hewani ndani ya frigo kinapandisha namba kila mlango unapofunguliwa, kisha mtu anaongeza baridi bila sababu. Kimetumbukizwa kwenye glasi ya maji, glasi ikawekwa katikati ya rafu usiku kucha, na kusomwa alfajiri kabla ya mtu yeyote kugusa mlango. Maji hubadilika polepole kama nyama. Rafu zote zinapimwa hivyo, moja moja. Mlangoni ndiko kwenye joto zaidi na nyama haikai huko kamwe. Frigo yenye kijisanduku cha barafu ndani, baridi kali iko chini yake tu. Frigo ya milango miwili, mara nyingi iko rafu ya chini, juu ya droo ya mboga.

Lengo limewekwa 1 hadi 3°C alfajiri. 4°C ni dari, si lengo, maana umeme ukikatika unataka uwe na akiba ya digrii. Isitoshe vijidudu Listeria na Yersinia, na huyu wa pili hukaa mwilini mwa nguruwe, huendelea kuongezeka taratibu hata katika baridi ya frigo. Baridi inawapunguza mwendo tu.

Mpira wa mlango unapimwa kwa noti ya franka 500: ibane mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kung'ang'ania, hewa ya joto inaingia hapo. Osha mpira kwa sabuni, ukande kwa kitambaa cha maji moto urudi umbo lake, ukishindikana, badilisha. Nyuma ya frigo mabomba yamepigwa brashi na nafasi ya sentimita 10 imeachwa kutoka ukutani. Vumbi jekundu la kiangazi hapa hujaza mabomba hayo kama sufu, na frigo iliyovaa vumbi inafanya kazi mchana kutwa bila kufika 4°C.

Jambo linalosahaulika zaidi ni umeme dhaifu wa jioni. Nguvu ikishuka, kompresa inaguruma bila kuanza, inapata joto, swichi yake ya ulinzi inaikata, inajaribu tena. Taa ya ndani inawaka muda wote huo. Taa si ushahidi kwamba frigo inapoza. Regulateri (kifaa cha kusawazisha umeme) ya VA 1000 inatosha frigo ya kawaida ya nyumbani, lakini iwe na kichelewesho cha dakika 3 hadi 5: umeme ukirudi na kuanzisha kompresa papo hapo, gesi bado ina shinikizo na mota inaungua.

Nyama ndani ya frigo: trei yenye kingo, chini ya vyakula vyote vinavyoliwa bila kupikwa. Kama baridi kali iko juu, basi sanduku la plastiki lenye kifuniko, ili maji ya nyama yasidondokee mboga wala mkate.

Julai. Chupa za barafu

Hapa ndipo mradi mzima unaposimama, kwa hiyo maelezo ni marefu.

Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inameza takriban kilojuli 334. Hiyo inatosha kupoza lita 4 za maji kutoka 20°C hadi 0°C. Chupa za lita 1,5 zikijazwa na kugandishwa ni akiba ya baridi isiyohitaji betri. Jaza hadi sehemu 9 kwa 10 tu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka shingoni. Chupa hizi za maji matupu ni za frigo: umeme ukikatika, mbili au tatu zinahamishwa kutoka kongelateri hadi rafu ya nyama, kwa mkupuo mmoja, mlango unafungwa. Zinayeyuka kwenye 0°C, na nyama huanza kuganda chini kidogo ya hapo, hivyo haziiharibu.

Kwa kongelateri maji matupu hayatoshi. Barafu yake husubiri hadi 0°C ndipo iyeyuke, na wakati huo nyama tayari imelegea. Suluhisho ni maji ya chumvi: gramu 100 za chumvi ya kupikia katika gramu 900 za maji, yaani asilimia 10. Mchanganyiko huu humaliza kuyeyuka karibu na −6,5°C, na huanza kumeza joto mapema kabla ya hapo. Asilimia 5 humalizia karibu na −3°C. Usiende asilimia 23 kwa kufikiri chumvi nyingi ni baridi nyingi: mchanganyiko huo huganda kwenye −21°C, na kongelateri ya nyumbani iliyowekwa −18°C haitaugandisha kamwe. Utakuwa umehifadhi chupa za maji tu. Chupa za chumvi zimefungwa utepe mwekundu, maana mtu mwenye kiu hasomi maandishi.

Usiziegemeze kwenye nyama ya frigo. Kwenye −6°C zinagandisha kingo za paja huku katikati ni laini, na likiyeyuka kingo zinatoa maji.

Kongelateri iliyojaa, isiyofunguliwa, hushika baridi kama saa 48. Nusu tupu, saa 24. Frigo, saa 4 tu. Nafasi yote tupu ya kongelateri sasa ni chupa. Waya wa kipimajoto cha nje umepitishwa chini ya mpira wa kifuniko, skrini iko nje, kwa hiyo hakuna sababu ya kufungua ili kuangalia.

Kuna pia alama ya watu wasio na kipimajoto chenye kumbukumbu: kikombe cha maji kilichoganda, sarafu juu yake. Ukirudi nyumbani ukaikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ukiwa haupo kisha ikaganda tena. Kwetu franka ni za karatasi tu, basi tumia nati ya bolti au kwacha ya Zambia iliyobaki mfukoni.

Agosti. Kisu na mifuko

Uamuzi: hakuna paja zima linaloingia kwenye stoo. Paja la kilo 8 lenye mfupa hupoa polepole mno katikati. Uharibifu wa paja huanza pembeni ya mfupa wa nyonga, penye kifundo na mishipa mikubwa yenye mabaki ya damu, wakati ngozi ya nje bado ni safi na haina harufu. Mbinu ya kulitambua ni kuchoma sindano nene hadi mfupani na kunusa ncha yake. Harufu ya uchachu ikitoka, nyama yote ya karibu na mfupa imekwisha.

Kwa hiyo mfupa unatolewa siku ya kununua. Mnofu unakatwa vipande vya kilo 1 hadi 1,5, unene usizidi sentimita 6. Unene ndio unaotawala: ukipunguza unene kwa nusu, muda wa kuganda unashuka hadi karibu robo. Mfupa na ngozi vinafungwa peke yake kwa ajili ya kuchemsha na maharage.

Nunua asubuhi. Nyama iliyoning'inia sokoni hadi jioni imeshatumia saa zake kabla hujailipa. Kanuni ni saa 2 nje ya baridi kwa jumla, saa 1 hewa ikizidi 32°C, na safari ya teksi kutoka soko la Kenya hadi Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, imo ndani ya hesabu hiyo. Chupa mbili za barafu kwenye mfuko wa sokoni zinamaliza tatizo hilo.

Kufungasha: weka kipande katika mfuko mzito, zamisha mfuko taratibu kwenye beseni la maji mdomo ukiwa juu, maji yanasukuma hewa nje, funga. Hewa ikibaki, uso wa nyama hukauka na kuwa na mabaka ya kijivu. Si sumu, lakini sehemu hiyo ni kama gome mdomoni. Mfuko wa pili juu ya wa kwanza, karatasi katikati: aina, uzito, tarehe, na saa zilizopita nje ya baridi. Hicho cha mwisho hakiandikwi na watu wengi, na ndicho chenye maana kuliko tarehe.

Kongelateri ya lita 100 isipewe zaidi ya kilo 3 hadi 5 za nyama yenye joto kwa siku moja, ikitandazwa kwa nafasi. Ukirundika kilo 15 kwa mara moja, za katikati zinaganda kesho kutwa na za zamani zinalegea.

Kuhusu nguruwe wa karibu: kabla ya kukata, angalia mnofu. Vilengelenge vyeupe vya milimita 5 hadi 10 ni watoto wa tegu, Taenia solium. Nyama hiyo irudishwe. Nyama kuganda −10°C au chini kwa siku 10 mfululizo huwaua. Kwa minyoo ya trikina ni −15°C kwa siku 20, kipande kikiwa chembamba kuliko sentimita 15. Neno zito hapo ni mfululizo. Umeme ukikatika na nyama ikapanda, hesabu inaanza upya, kwa hiyo sisi hatutegemei kongelateri kwa vimelea. Tunategemea sufuria. Na mabaki mabichi hayaendi kwa nguruwe wa jirani: homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu, lakini virusi vyake hudumu kwenye nyama iliyoganda na iliyotiwa chumvi, na vinaweza kumaliza zizi zima.

Septemba. Chumvi

Swali linaloulizwa kila mara: usiku wa Juni na Julai hapa hushuka mara nyingi chini ya 10°C, kwa nini tusikaushe paja zima kama Wazungu wanavyofanya? Jibu ni mchana. Mchana huo huo hewa inapanda kuelekea 25°C. Wanaotengeneza jamboni ya Parma huweka paja kwenye chumvi katika vyumba vya baridi ya 1 hadi 4°C, na halipelekwi kwenye joto kabla chumvi haijafika ndani. Chumvi hutembea polepole, takriban wiki 1 kwa kila sentimita 2,5 za unene. Paja nene la sentimita 15 linataka kama wiki 6 za baridi isiyokatika. Halafu hewa ya kiangazi hapa ni kavu mno: nje kunajenga gamba gumu, unyevu unanaswa ndani, na katikati panaoza chini ya ngozi nzuri. Kukausha paja zima kumeondolewa kwenye mradi.

Kilichobaki ni kutia chumvi vipande vidogo vya kupikwa. Kwa kipande cha unene wa sentimita 5: gramu 25 za chumvi ya nitriti yenye asilimia 0,6 kwa kilo 1 ya nyama, mfuko uliofungwa, frigo chini ya 4°C, kugeuzwa kila siku, wiki 2. Hiyo inatoa miligramu 150 za nitriti kwa kilo. Soma pakiti kabla ya kupima. Kuna chumvi nyingine ya waridi yenye asilimia 6,25, inayopimwa gramu 2,5 tu kwa kilo pamoja na chumvi ya kawaida. Ukiweka gramu 25 za hiyo, umetia nitriti mara kumi, na hapo ni sumu. Pakiti isiyoandika asilimia haitumiki.

Na chumvi ya asilimia 2,5 haibadilishi nafasi ya baridi. Kijidudu Staphylococcus anavumilia chumvi kuliko wengine wengi, na sumu yake ikishatoka haivunjwi na kuchemsha. Ndiyo maana jamboni yenye chumvi iliyolala nje usiku haiokolewi kwa kupikwa muda mrefu.

Oktoba. Joto

Mwezi mgumu kuliko yote; mchana hufika 32°C na zaidi. Jedwali lililobandikwa kwenye mlango wa kongelateri limefupishwa hivi: umeme ukirudi, kipande chenye chembe za barafu au chenye 4°C na chini kinaweza kugandishwa tena, ladha itapungua kidogo. Kilichopita 4°C kwa zaidi ya saa 2 kinatupwa. Kama hujui ni saa ngapi, kinatupwa. Pua haishauriwi, kwa sababu vijidudu vinavyotoa harufu si vile vinavyoua.

Kabati la makaa yaliyolowanishwa, linalopoza kwa upepo, limependekezwa mara nyingi. Ni zuri kwa nyanya na mchicha. Kwa nyama hapana: hewa ya 32°C yenye unyevu wa asilimia 30 haiwezi kupozwa kwa njia hiyo chini ya karibu 20°C, hata kabati likitengenezwa na fundi bora. Mvua zikianza litapoza kidogo zaidi ya kivuli.

Novemba. Kuyeyusha na kupika

Kuyeyusha ni kwenye frigo, kipande kikiwa kwenye trei: saa 10 hadi 12 kwa kilo, zaidi kidogo kwa kipande kinene. Haraka zaidi ni maji baridi, mfuko ukiwa umefungwa, saa 1 kwa kilo, maji yakibadilishwa kila dakika 30, na baada ya hapo nyama inakwenda moja kwa moja jikoni. Juu ya meza ya jikoni nje inapanda hadi joto la chumba huku ndani ni barafu.

Nyama haioshwi bombani. Maji yanarushia vijidudu vyake vyombo. Kiwango cha chini cha kupika ni 63°C katikati ya kipande, kisha dakika 3 za kupumzika. Kwa nguruwe asiyekaguliwa tunakwenda 70°C, na ncha ya kipimajoto haigusi mfupa, maana mfupa unadanganya. Ikishapikwa, siku 3 hadi 4 kwenye frigo.

Desemba. Hali ya sasa

Frigo inashika lengo alfajiri. Kongelateri imejaa chupa na vipande; vya chumvi viko juu, viliwe kwanza. Sehemu ya jamboni kavu ni fupi: kipande kikubwa kikiota ukungu mweupe juu, kinasuguliwa kwa brashi na maji moto, kinafutwa, kinakaushwa; vipande vyembamba vyenye ukungu, au jamboni yoyote yenye chumvi iliyo na utelezi au mfuko uliovimba, vinatupwa bila kuonjwa.

Mfuko uliovimba haufunguliwi ndani. Bado kununuliwa: kipimajoto cha pili chenye kengele kwa ajili ya frigo, kikilia kikipita 5°C, na polistireni ya sentimita 5 ya kufunika kongelateri wakati wa kukatika, ikiwekwa juu na ubavuni lakini si pale kompresa inapopumulia, na iondolewe mara umeme unaporudi.